Multikasti inatambaa au imekwama kabisa: pa kuangalia unapopiga imeji maabara nzima

Hii ni kwa wale wanaopiga Windows au Linux kwenye mashine ishirini, thelathini au arobaini kwa mkupuo mmoja kwa kutumia FOG au Clonezilla (programu za kunakili diski kwa mtandao), mashine zote zinavuta imeji ile ile, yaani nakala ya diski nzima, kwa wakati mmoja (hiyo ndo multikasti, seva inatuma mara moja kwa wote), halafu kitu hakiendi kama ulivyotegemea. FOG na Clonezilla kwa chini zinatumia udpcast, yaani udp-sender upande wa seva na udp-receiver upande wa mashine, kwa hiyo dalili zinafanana na dawa zinafanana, tofauti ni wapi unaandika hizo setingi. Watu wa WDS ya Microsoft (huduma yake ya kupiga Windows kwa mtandao) nina maneno machache kwenu huko chini.

Kabla ya yote elewa udp-sender anavyofanya kazi, maana ukishaelewa hapo nusu ya matatizo utayatambua ukiwa umesimama mlangoni mwa maabara. Anakata imeji vipande, anatuma kipande kimoja kwa wote, anauliza kama wote wamepata, aliyekosa pakiti anarudishiwa, ndo anaendelea na kipande kinachofuata. Ni kama mwalimu anayesomea darasa imla, hasogei sentensi ya pili mpaka yule wa mwisho kabisa awe amemaliza kuandika. Kwa hiyo mashine moja mbovu inawachelewesha wote, na ukiona maabara nzima inatambaa usikimbilie kuchezea seva au kununua swichi mpya. Mara nyingi tatizo ni waya mmoja au diski moja, na kazi yako ni kumtafuta huyo mmoja.

Kwanza hesabu kidogo

Tuseme imeji yako ikiwa imebanwa ina GB 15, ikifunguliwa kwenye diski inakuwa GB 30. Laini ya gigabiti ikiwa nzima inapitisha kama megabaiti 115 kwa sekunde, ya megabiti 100 inapitisha 11 na nusu hivi. Ukipiga mashine 30 kwa yunikasti (kila mashine inatumiwa nakala yake peke yake) kutoka seva yenye kadi moja ya gigabiti unasukuma GB 450, hiyo ni zaidi ya saa nzima hata kama kila kitu kiko sawa. Kwa multikasti zile GB 15 zinapita mara moja tu, kwa makaratasi ni dakika mbili na kitu, ila hutafika huko kwa sababu HDD za maabara nyingi zinaandika labda megabaiti 100 kwa sekunde na kila moja inatakiwa iandike GB 30, kwa hiyo dakika tano ndo kikomo na ukipata saba au nane uko vizuri. Sasa ingiza mashine moja tu iliyoshika laini ya megabiti 100, wote mnashuka mpaka dakika 22.

Halafu angalia usidanganywe na skrini. Partclone, programu inayoandika imeji kwenye diski ya mashine, inaonyesha kasi kwa GB kwa dakika, na namba hiyo ni ya data iliyokwisha kufunguliwa, sio inayopita kwenye waya. Laini ya megabiti 100 inapitisha kama GB 0.7 kwa dakika, ila kwa imeji iliyobanwa nusu kwa nusu kama hii yetu skrini itakuonyesha 1.3 au 1.4, na mtu asiyejua anaona "aah, GB moja na nusu kwa dakika, si mbaya", kumbe kuna mtu ameibana maabara nzima. Hiyo 1.4 iliyoganda ikae kichwani, tutairudia.

Na kama mashine zenyewe ni nne au tano, achana na multikasti kabisa. Mashine tano kwa yunikasti ni GB 75, dakika 11 hivi umemaliza bila kugusa swichi.

Skrini zote za bluu zimesimama, hata asilimia moja haijaenda

Mashine zimebuti vizuri kwa PXE (kuwaka kupitia mtandao badala ya diski), zimefika kwenye ile skrini ya bluu ya Partclone inayosema "Starting to restore image (-) to device", na hapo hapo zimeganda. Hii ndo dalili inayoulizwa kuliko zote, na sababu zake ni nyingi, kwa hiyo nenda nayo kwa mpangilio.

Kwanza inawezekana wala hakuna tatizo. Ulitengeneza taski ya kundi la mashine 30 na zilizowaka ni 28, sasa udp-sender anasubiri wawili waliobaki. FOG inampa idadi ya kusubiri na muda wa kusubiri, na huo muda ukiuacha kama ulivyokuja ni dakika 10, kwa hiyo watu wengi wanaua taski dakika ya saba wakati ingeanza yenyewe dakika ya kumi. Kwenye seva andika:

`ps aux | grep udp-sender`

Utaona mstari mzima wa amri, angalia namba baada ya `--min-receivers` na baada ya `--max-wait` (hii iko kwa sekunde). Kama dakika kumi ni nyingi kwako punguza FOG_UDPCAST_MAXWAIT kwenye setingi za FOG iwe mbili au tatu.

Ukiona udp-sender hayupo kabisa, au wapo watatu wakati wewe umeanzisha taski moja, basi kuna mabaki ya taski ulizofuta huko nyuma. Ukifuta taski kwenye ukurasa wa FOG sio kila mara mchakato wa chini unakufa nao. Futa taski zote za multikasti, ua hao udp-sender waliobaki, halafu `systemctl restart FOGMulticastManager`, ndo uanze upya. Ukiruka hatua hii unaweza kuhangaika na swichi mchana mzima bure.

Mchakato upo, idadi ni sahihi, bado kimya? Angalia seva ina kadi ngapi za mtandao. Seva yenye kadi mbili, moja ya intaneti na moja ya maabara, inaweza kuwa inatuma multikasti kwenye kadi ya intaneti na haikwambii kitu. Kwenye FOG jina la kadi linakaa kwenye setingi za storage node (seva inayohifadhi imeji), hakikisha linafanana na unaloliona ukiandika `ip addr`, maana ukiboresha Linux au ukihamisha diski kwenye seva nyingine `eth0` inaweza kugeuka `ens18` na FOG haina habari. Hapo hapo cheki faiawoli ya seva. FOG inaanzia porti 63100 ya UDP kwenda juu na udpcast inachukua porti mbili mbili, kwa hiyo usifungue moja ukadhani umemaliza.

Sasa fungua logi ya udpcast, kwenye FOG ziko ndani ya `/opt/fog/log`. Kila mashine ikijiunga unapata mstari kama huu:

`New connection from 10.10.5.41  (#7)`

Kama hakuna hata mmoja, mashine na seva hazisikilizani kabisa, na swali la kwanza ni je, ziko VLAN moja (kipande kimoja cha mtandao uliogawanywa kwenye swichi)? Udpcast ikiachwa yenyewe inatuma na TTL ya 1, maana yake pakiti haivuki ruta hata moja. Kuna wanaoipandisha TTL na kuwasha PIM (itifaki ya kupitisha multikasti) kwenye ruta ili ivuke, inawezekana, ila ushauri wangu ni usijitafutie kazi. Ingiza mguu wa seva kwenye VLAN ya maabara, au weka storage node ndogo huko huko.

Kinachochanganya zaidi ni pale ambapo mistari ya "New connection" iko yote 30, kila mtu kajiunga, halafu data haiendi. Watu wanasema multikasti inafanya kazi maana wameungana! Hapana. Salamu za mwanzo udpcast inazituma kwenye 224.0.0.1, na anwani zote za 224.0.0.x swichi inazirusha kila porti bila kuuliza, wakati majibu ya mashine yanarudi kwa yunikasti. Data yenyewe inapita kwenye kundi jingine linaloanza na 232, na hilo ndo swichi inalichuja. Kwa hiyo kuungana bila data kunaelekeza moja kwa moja kwenye IGMP snupingi ya swichi (swichi kusikiliza porti ipi inataka kundi lipi la multikasti), na hapo tunaingia kwenye tatizo linalofuata.

Inaanza vizuri halafu inakufa dakika ya nne

Hii nikiisikia kwenye simu huwa siulizi swali la pili. Imeenda vizuri dakika nne, nne na kitu, mashine zote zimesimama kwa pamoja, ukianzisha upya inafika pale pale na kusimama. Swichi ina snupingi imewashwa lakini kwenye VLAN hiyo hakuna muulizaji, yule ambaye kwenye menyu ya swichi anaitwa Querier.

Iko hivi. Mashine ikitaka kundi la multikasti inatuma ombi la IGMP, swichi inalisikia na kuandika kwamba porti ya 12 inataka kundi fulani. Ila hiyo kumbukumbu haikai milele. Inatakiwa kuwe na kifaa, mara nyingi ruta, kinachouliza kila sekunde 125 "nani bado anataka?", mashine zinajibu, swichi inaongeza muda. Asipokuwepo wa kuuliza hakuna anayejibu, na kwa viwango vya kawaida vya IGMP kumbukumbu inafutwa baada ya sekunde 260, yaani 125 mara mbili ukajumlisha 10 za kusubiri jibu. Sekunde 260 ni dakika nne na sekunde ishirini. Ndo hiyo dakika yako ya nne.

Imeji ndogo zinazomaliza ndani ya dakika nne hazilioni tatizo hili kabisa, ndo maana utamsikia mtu anasema "Ubuntu inapita, Windows haipiti" na anaanza kuilaumu Windows.

Kama maabara ina swichi mbili inakuwa mbaya zaidi, maana swichi ya pili inapeleka maombi ya IGMP upande ule tu ambako imesikia muulizaji anatokea. Asipokuwepo, swichi ya seva haitajua kwamba huko kuna watu wanataka kundi, data haivuki, na kwa kuwa udp-sender anawasubiri wote, hata wale wa swichi ya kwanza wanasimama. Inategemea pia swichi yako inafanya nini na multikasti isiyoijua, nyingine zinaitupa, nyingine zinairusha kote, kwa hiyo maabara mbili zenye mpangilio ule ule zinaweza kukupa dalili tofauti.

Kuhakikisha ni rahisi, kaa kwenye seva:

`tcpdump -ni eth0 igmp`

Subiri dakika mbili na nusu bila kugusa kitu. Ukiona mstari wa aina ya `10.10.5.1 > 224.0.0.1: igmp query v2` muulizaji yupo. Ukiona maombi ya mashine tu, au kimya, hayupo.

Dawa ni kumwasha mmoja kwa kila VLAN. Cisco ni `ip igmp snooping querier`, MikroTik ni `/interface bridge set bridge1 igmp-snooping=yes multicast-querier=yes`, swichi za bei ya kati zenye ukurasa wa wavuti nyingi zina kitufe chake ndani ya menyu ya IGMP Snooping ila kinakuja kimezimwa, na ukimwasha mpe anwani ya IP ya VLAN ile ile. Wakiwepo wawili sio kosa, wanashindanishwa na mwenye IP ndogo ndo anabaki anauliza.

Seva yako ikiwa ni VM (mashine pepe) ndani ya Proxmox usisahau kwamba `vmbr0` nayo ni swichi, Linux inakuja na snupingi imewashwa kwenye briji na muulizaji amezimwa, kwa hiyo unaweza kutengeneza swichi za nje zote zikanyooka ukakwamia ndani ya seva yako mwenyewe. `echo 1 > /sys/class/net/vmbr0/bridge/multicast_querier` inamwasha, ila ujue anauliza akiwa na anwani 0.0.0.0 na swichi zingine zinampuuza, hivyo muulizaji wa kwenye swichi halisi ni bora zaidi.

Njia ya mkato ni kuzima snupingi kwenye VLAN ya maabara, multikasti inakuwa kama brodikasti, inaenda kila porti. Kama VLAN hiyo ina mashine za maabara peke yake sina ugomvi na hilo, kwanza zote zinaitaka hiyo data. Kama kuna akses pointi au kamera za ulinzi humo ndani usithubutu, utaona kwa nini.

Kuna kisa kimoja adimu nikiweke hapa hapa. Muulizaji yupo, maombi yanaonekana, data bado haipiti kwenye swichi kubwa zenye kazi za ruta. Anwani za 232 zimetengwa kwa multikasti ya chanzo maalumu inayohitaji IGMP toleo la 3, na vifaa vinavyofuata sheria kwa ukali vinakataa maombi ya toleo la 2 kwenye anwani hizo. Hamisha data kwenye 239, mfano `--mcast-data-address 239.192.10.1`, kwenye FOG ni setingi ya FOG_MULTICAST_ADDRESS. Ila usichague 239.0.0.1 kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Anwani ya MAC (ile ambayo swichi inaitumia kupeleka fremu) ya multikasti inabeba biti 23 tu za IP, kwa hiyo 239.0.0.1 na 224.0.0.1 zinatoka na MAC moja ile ile, 01:00:5e:00:00:01, na swichi itairusha kila porti hata kama snupingi yako imenyooka.

Inaenda, ila taratibu, na kasi haitingishiki

Hapa ndo ile 1.4 inarudi. Kasi iliyoganda sehemu moja dakika zote ni dalili ya kikomo cha laini. Diski mbovu au pakiti zinazopotea hazitulii hivyo, zinakupa kasi inayoyumba. Sehemu fulani kuna megabiti 100 na kazi ni kuitafuta.

Anza na swichi. Nyingi zina taa ya rangi moja kwa gigabiti na rangi nyingine kwa 100, pita mbele ya raki utamwona aliyetofautiana na wenzake. Swichi ikiwa ya kusimamiwa fungua orodha ya porti usome kasi zake. Kwenye mashine yenyewe, anzisha taski kwa kutiki Debug ili ikupe terminali badala ya kuanza kuandika diski, kisha:

`ethtool eth0 | grep Speed`

Ukikuta `100Mb/s` kwenye mashine yenye kadi ya gigabiti, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne, kwa hiyo jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika kadi nyingi zinashuka zenyewe mpaka 100 na maisha yanaendelea, intaneti inafunguka, mtumiaji halalamiki, mpaka siku ya kupiga imeji. Kwenye maabara moja ya chuo waya wa aina hiyo ulikuwa umekaliwa na mguu wa meza safu ya mwisho, ganda la nje zima, jozi ya kahawia ndani imekatika, na testa ya waya ilionyesha taa ya 7 na ya 8 haziwaki. Kubana RJ45 upya hakusaidii pale, badilisha waya.

Mtuhumiwa wa pili ni kiswichi cha porti nane kilichofichwa chini ya meza kwa sababu tundu la ukutani lilikuwa moja na mashine ni sita. Vile vya bei rahisi vingi ni vya 10/100. Mashine zake zitasoma 100 zote sita, hapo ni rahisi kumkamata, ila kama kiswichi ni cha gigabiti na waya unaokileta ndo mbovu, mashine zote zitakuonyesha 1000 vizuri kabisa na shingo iko nyuma yao. Kwa hiyo kagua na laini za swichi kwa swichi.

Ukikuta namba imeganda lakini haiendani na 100 wala 1000, tuseme kwenye waya unapata megabiti 10 au 50 kamili, angalia storm control ya swichi. Imewekwa kuzuia brodikasti na multikasti zisizidi kiwango fulani, na imeji yako kwa macho yake ni dhoruba. Iondoe kwa upande wa multikasti kwenye porti ya seva na laini za swichi kwa swichi, iache ya brodikasti.

Inaenda kwa kushtuka, inapanda, inasimama, inapanda tena

Hapa lazima kwanza utenganishe mtandao na diski, na njia yake ni nzuri kuliko kubahatisha. Tengeneza faili la majaribio kwenye seva:

`dd if=/dev/urandom of=/tmp/testi.bin bs=1M count=2000`

Washa mashine kumi kwenye Debug, kila moja ipokee na kutupa bila kugusa diski:

`udp-receiver --nokbd --portbase 9000 --file /dev/null`

Na kwenye seva:

`udp-sender --nokbd --interface eth0 --portbase 9000 --min-receivers 10 --full-duplex --file /tmp/testi.bin`

Namba ya portbase lazima iwe shufwa. Rudia mara mbili, mara ya pili faili liko kwenye RAM ya seva kwa hiyo diski ya seva haimo kwenye hesabu. Ukipata megabiti 800 na zaidi mtandao wako uko sawa, tatizo ni kufungua imeji au kuandika diski. Ukipata kasi ya kuyumba hata hapa, ni mtandao.

Tuanze na upande wa diski. HDD inayokufa haifi kwa siku moja, inaanza kujaribu kuandika sekta ile ile mara kadhaa, na kila ikijaribu maabara nzima inasimama sekunde mbili tatu ikiisubiri. Utamkamata kwenye logi ya udp-sender, kuna mistari ya aina hii:

`Timeout notAnswered=[7] notReady=[7] nrAns=29 nrRead=29 nrPart=30`

Wapo 30, wamejibu 29, ambaye hajajibu ni namba 7. Rudi juu kwenye mistari ya "New connection", namba 7 alikuwa 10.10.5.41, nenda kaiangalie hiyo mashine. Namba ile ile ikijirudia mara kwa mara umempata. `smartctl -a /dev/sda` na utazame Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zikiwa zimepanda toa hiyo mashine kwenye kundi, piga wengine, yeye umshughulikie peke yake. Namba zikibadilika badilika kila mstari basi sio mashine moja, rudi kwenye mtandao.

Kufungua imeji nako kunakula. Imeji iliyobanwa kwa gzip kwenye mashine za zamani zenye prosesa dhaifu inafanya prosesa iwe ndo kikomo, zstd inafungua haraka zaidi kwa tofauti unayoiona kwa macho, kwa hiyo kama bado uko kwenye gzip kamata imeji upya kwa Partclone Zstd. Na kiwango cha kubana usikipeleke juu kabisa, viwango vya 20 kwenda juu vinadai RAM nyingi wakati wa kufungua, na kwenye mashine ya GB 2 hiyo sio mzaha.

Sasa mtandao. Udp-sender akiwa anaendelea anaonyesha `re-xmits`, yaani pakiti zilizorudiwa kutumwa, na asilimia yake. Chini ya asilimia moja usijali. Ikifika tano, kumi, kuna pakiti nyingi zinadondoka na swali ni wapi. Mara nyingi ni seva yenye nguvu inayomwaga haraka kuliko bafa za swichi ya bei rahisi zinavyobeba, na dawa yake inaonekana kinyume, unapunguza mwendo ili uende haraka: `--max-bitrate 700m`, ukiona re-xmits imeshuka pandisha kidogo kidogo. Kwenye FOG kuna kisehemu cha Bitrate kwenye storage node. Ukijaribu 700 na 600 na bado asilimia haishuki, acha kupunguza, sio bafa.

Angalia pia flow control, utaratibu wa kadi na swichi kuombana kusimama kidogo. Mashine moja iliyozidiwa inatuma fremu za kusimamisha, swichi inaitii, bafa inajaa, nayo inaisimamisha porti ya seva, na hapo wote wamesimama kwa ajili ya mmoja hata kabla udpcast haijahusika. `ethtool -S eth0 | grep -i pause` kwenye seva, uangalie namba inapanda wakati kasi inaposhuka. Ikipanda zima kwa `ethtool -A eth0 rx off tx off` na uizime kwenye swichi pia. Ila ukizima pakiti zitaanza kudondoka badala ya kusubiri, kwa hiyo vitu hivi viwili, flow control na max-bitrate, virekebishe pamoja.

Kuhusu `--fec`, hiyo inaongeza pakiti za ziada za kurekebisha makosa na ina maana kwenye laini isiyo na njia ya kurudisha majibu, kama setilaiti. Kwenye LAN unabeba mzigo wa bure. Na ule utani wa umeme wa kijani, 802.3az, wa kadi kujipunguzia umeme, kuna kadi zinalala na kuamka katikati ya kazi na kupoteza pakiti, `ethtool --set-eee eth0 eee off` inajaribika kwa dakika moja, kama haijabadilisha kitu irudishe.

Wi-Fi ya jengo zima inakufa ukianza

Akses pointi ziko VLAN moja na maabara na snupingi imezimwa au haifanyi kazi. Multikasti hewani haina uthibitisho wa kupokelewa, kwa kawaida inatumwa kwa kasi ya chini kabisa ili hata simu ya mbali isikie, mara nyingi megabiti 1 kwenye 2.4 GHz na 6 kwenye 5 GHz. Wewe unamwaga megabiti mia kadhaa kwenye mlango huo, hewa yote inajaa na hata ukurasa wa kuingia haufunguki. Ofisi ya uhasibu itakupigia kabla hujafika asilimia tano. Tenganisha VLAN, hakuna njia nyingine nzuri. Kama haiwezekani leo, chomoa akses pointi au piga imeji usiku.

Mashine chache zinadondoka katikati

Kwenye logi utaona `Dropping client #12 because of timeout`. Ina maana sender alimuuliza mara nyingi sana akachoka akamwacha ili wengine waendelee. Mara nyingi ni umeme, mashine ilizimika au mtu alipiga teke kizibo cha ekstensheni, na kabla ya kumdondosha wote mlikuwa mmesimama mkimsubiri. Kwenye maabara isiyo na UPS inafaa kushusha `--retries-until-drop`, ukiiacha kama ilivyokuja ni 200, ili aliyekufa aachwe mapema, ila ukiishusha sana utawadondosha na wale wenye diski nzito tu. Mashine haiwezi kujiunga katikati, aliyedondoka unampigia yunikasti baadaye.

Zile ambazo haziingii kabisa, zinakosa IP kwenye PXE halafu ukirudia zinapata, ni spanning tree, kinga ya swichi dhidi ya mizunguko ya waya. Porti inakaa sekunde 30 kabla ya kuanza kupitisha data na PXE haina subira hiyo. Washa portfast, inayoruka kusubiri huko, kwenye porti za mashine, na usiiwashe kwenye laini za swichi kwa swichi.

Kwa watu wa WDS

Fizikia ni ile ile, muulizaji wa IGMP, waya, storm control, vyote vinawahusu. Tofauti nzuri mliyonayo ni kwamba kuanzia Windows Server 2008 R2 kuna chaguo la kugawa wateja kwenye mikondo ya kasi tofauti, wa taratibu hawawabani wa haraka, na kuna la kumtoa anayeshuka chini ya KB kadhaa kwa sekunde mnazoweka wenyewe. Lipo kwenye sifa za seva, kichupo cha Multicast. Na anwani zinazokuja nazo zinaanzia 239.0.0.1, mmeshaona juu tatizo lake la MAC, badilisheni ziwe 239.192 na kuendelea, kisha mwanzishe upya huduma ya WDS ndo zishike.